Jeannine Kavuo na Kilio cha Mwezi wa Sita

Mpendwa padri wetu, wazee wa ukoo, viongozi wa mtaa wetu wa Furu, walimu mliotoka Beni, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu leo Ijumaa tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 2025, jina langu ni Jokébed, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu kwa miaka mingi mimi ndiye niliyemsomea maneno ya michezo yake, yeye akifua nguo au akimenya ndizi, hadi yakamkaa kichwani. Naomba mnivumilie nikinyamaza katikati, maana siku tatu hazijatosha kuniaminisha ninachokisoma.

Kabla sijaanza, nataja jambo moja mnalolijua wote, maana nisipolitaja kila mtu atasikiliza maisha ya Yaya, dada yetu mkubwa, huku akiangalia mlango. Tangu Jumatano, Éphraïm, aliyekuwa akipiga picha za filamu zake, na wenzake wanne wa kikundi, wamesimama nje ya uzio wetu, kwenye jua na kwenye mvua, kwa sababu wazee waliamua kwamba wasiingie katika kilio hiki wala wasiguse sanduku la marehemu. Baba mkubwa Josaphat, ambaye ndiye kichwa cha ukoo wetu tangu baba alipofariki, aliwaambia mbele ya watu, "Mulikula kilio ya mutu muzima, sasa munakuja kulia nini?" Kwetu historia ya marehemu husomwa kwanza mbele ya wazee, kisha ndiyo inasomwa mbele ya watu, na leo asubuhi niliwasomea. Walichoamua baada ya kuisikia kimo humu, na nitakisoma mahali pake.

Yaya Kavuo Maliro Jeannine alizaliwa Jumatatu tarehe 3 mwezi wa tatu 1986, katika nyumba ya uzazi ya Vuhovi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa baba yetu Salomon Maliro, katekista na mkulima wa kahawa, na wa mama yetu Kahongya, anayeketi hapa mbele yetu kwenye mkeka. Mama anasema kwamba walipotoka naye mvua iliwakuta njiani, na mwanamke mmoja ambaye hawakujuana alivua kitenge chake cha juu akamfunika mtoto, akaenda zake akiwa amejitanda gunia la kahawa. Mama ameomba niliandike jambo hilo, maana hakumwona tena yule mwanamke na hakuwahi kumwambia asante. Yaya alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 30 ya mwezi huohuo.

Shule ya msingi aliisoma Vuhovi kuanzia 1992 hadi 1998, na ni huko alikocheza mara ya kwanza mbele ya watu, akiwa darasa la nne, katika mchezo wa Mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu. Alipewa kazi ya jogoo, asimame nyuma ya pazia awike mara mbili basi. Aliwika mara mbili, watu wakapendezwa, akawika mara ya tatu, na ya nne, na ya tano, hadi mwanamume aliyecheza Petro akasahau kulia. Baba alitaka kumwadhibu, lakini padri alimtetea, akasema kwamba jogoo huyo alikuwa na bidii kuliko mitume wote kumi na wawili.

Kuanzia 1998 hadi 2004 alisoma sekondari hapa Butembo, sehemu ya ualimu, akakaa miaka yote sita katika nyumba ya Baba mkubwa Josaphat, ambaye wakati ule alikuwa akiuza maharagi sokoni, na ambaye alimlipia masomo, akamnunulia viatu, na hakumfanya siku moja ajione mgeni. Katika nyumba hiyo kulikuwa na mtoto wake mmoja tu, Jacob, ambaye alikuwa na miaka miwili Yaya alipofika. Yaya ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuhesabu kwa punje za maharagi, na wale wa zamani wa Furu wanakumbuka kwamba watu wasiowajua walidhani ni mama na mwana. Alipata diploma ya serikali mwezi wa saba 2004, kwa asilimia hamsini na nane.

Mwezi wa tisa 2005 alianza kufundisha katika shule ya msingi huko Eringeti, na mwaka uliofuata Baba mkubwa naye alihamia huko pamoja na Jacob kwa ajili ya kakao. Baba yetu Salomon alifariki Vuhovi tarehe 9 mwezi wa tano 2008, na Yaya alikuja kutuchukua, Mama na mimi, akatuweka nyumbani mwake. Nilisoma katika darasa lake, kwa hiyo hili nililiona mwenyewe: alikuwa na kipande cha sabuni katika mfuko wa koti, na mtoto aliyechekwa na wenzake kwa uchafu alimtuma kisimani kama vile anamtuma kuleta maji, akampa sabuni ile mkononi bila kusema neno, na mtoto alirudi amenawa na darasa lisijue.

Shuleni hapo alikutana na mwalimu Bertrand, mtu wa Kisangani aliyetumwa na serikali, ambaye hakujua Kinande wala jembe. Wazee wetu waliogopa kwamba mgeni huyo angemchukua mtoto wetu na kwenda naye mbali. Kwa hiyo Bertrand alikwenda kila Jumamosi kulima katika shamba la Baba mkubwa, akang'oa miche pamoja na majani, akapanda upya safu nzima, akarudi tena Jumamosi iliyofuata. Mwishowe Baba mkubwa alisema kwamba mkwe huyu hajui kulima, ila hachoki kukosea, na mtu wa namna hiyo anaweza kuishi na mwanamke. Walifunga ndoa kanisani tarehe 22 mwezi wa nane 2009, na Mungu aliwapa watoto watatu: Élodie, aliyezaliwa tarehe 12 mwezi wa saba 2010, Salomon, tarehe 5 mwezi wa pili 2013, na Shalom, tarehe 19 mwezi wa tisa 2018.

Mwezi wa kumi na mbili 2014, katika mambo yale ya mauaji na kutekwa watu, ambayo kila familia ya Eringeti inayajua, Jacob alikwenda asubuhi kwenye shamba la kakao na hakurudi. Alikuwa na miaka kumi na minane. Wengine walisema walimwona akipelekwa msituni pamoja na wengine, akiwa amebeba mzigo, lakini hakuna aliyeona zaidi ya hapo, na mwili haukuonekana. Sisi tulikimbilia Beni, Baba mkubwa alirudi hapa Furu, na tangu siku ile hadi leo, kila jioni, sahani ya Jacob inawekwa mezani kwake. Hatujamlilia Jacob. Baba mkubwa alikataza, akasema kwamba kumlilia mtu ambaye hujaona maiti yake ni kumuua kwa mdomo, na familia yote ilimtii.

Ni katika ukimbizi ule huko Beni, mwaka 2015, ndipo Yaya alipoanza kazi mliyomjua nayo. Wanawake wa ukimbizi walikuwa wanakaa katika ua wa parokia bila kuongea, na yeye aliwakusanya mchana, akaanza kuigiza namna kila mmoja alivyofunga mzigo wake siku ya kukimbia, yule aliyebeba ungo akasahau mtoto, yule aliyebeba jogoo akadhani ni mtoto, na wale wanawake walicheka kwa mara ya kwanza, huku machozi yakitoka. Éphraïm, kijana aliyekuwa akipiga picha za harusi, alipita pale akamwona, akauliza kama angeweza kurudi na kamera. Ndivyo kikundi kilivyozaliwa, watu sita na kamera moja.

Mwaka 2016 walianza mfululizo wa televisheni ulioitwa "Jiko la Mukaka", yaani jiko la bibi, na Yaya, akiwa na miaka thelathini, alicheza bibi kizee wa miaka sabini, mwenye majivu kwenye nywele na fimbo mkononi, aliyemfukuza muke wa mtoto wake kila wiki kwa sababu mpya. Beni yote ilimchukia kwa furaha. Mama mmoja muuza makala, yaani makaa ya kupikia, huko Malepe, alifunika gunia lake alipomwona, akamwambia, "Urudishe kwanza ule muke wa mutoto yako mu nyumba, ndio utapata makala." Yaya hakumwambia kwamba ni mchezo. Aliomba msamaha, akaahidi kwamba ataongea na mtoto wake, akarudi nyumbani mikono mitupu, tukala ndizi mbivu jioni ile. Wiki iliyofuata alimwomba Éphraïm abadilishe hadithi ili yule muke arudi nyumbani, na Éphraïm alikubali, na muuza makala alimpelekea Yaya gunia dogo mwenyewe, akilibeba kichwani.

Wakati wa Ebola, 2018 na 2019, walizunguka mitaa ya Beni na Butembo wakicheza michezo ya kunawa mikono, Yaya akiwa na Shalom mgongoni. Siku moja walirushiwa mawe, na mzee mmoja mwanamke, ambaye naye hakuiamini Ebola hata kidogo, aliwaingiza katika jiko lake akafunga mlango, akawaambia kwamba ni waongo, lakini hawatapigwa mbele ya nyumba yake. Yaya alipenda kulisimulia jambo hilo kuliko zawadi zake zote.

Na zawadi alizipata. Tarehe 26 mwezi wa kumi 2019 alipanda ndege hapa Rughenda kwenda Goma, akapewa zawadi ya mchezaji bora mwanamke wa mfululizo wa televisheni, kichwa cha mwanamke kilichochongwa kwa mti mweusi. Hakukiweka nyumbani. Kila mwanamke wa kikundi alikaa nacho mwezi mmoja, kwa zamu, na zamu hiyo haijakatika hadi leo.

Sasa nafika kwenye mwezi wa sita 2023, na naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo maneno yote yalipoanzia. Baba mkubwa ameniruhusu kulisoma jambo hili lote mbele yenu.

Filamu iliitwa "Waliolia Kwanza", na ndani yake kulikuwa na kilio, ambacho walikuja kukipiga picha katika ua huuhuu wa Mama, aliyekuwa amekwisha kuhamia hapa Furu, Jumamosi tarehe 17. Yaya alikuwa na desturi yake: kabla ya mchezo wowote wenye vilio, alipita nyumba kwa nyumba akiwaarifu majirani, ili mtu asishtuke. Ijumaa alipita kote. Lakini kina mama wa upande wa juu walikuwa wamelala Vuhovi kununua maharagi, hawakuarifiwa, na waliporudi saa nne asubuhi walisikia vilio kwetu, wakauliza mtoto njiani nani amekufa, naye akajibu kwamba ni Jeannine, kwa kuwa ndivyo alivyoona, Yaya akiwa amelala ndani ya sanduku la mchezo.

Mama Marie-Jeanne, jirani yetu, uko hapa na unanisamehe nikilisema. Mama Marie-Jeanne hakuingia kwake hata kutua mzigo. Alikuja mbio na beseni la maharagi yake ya biashara, wenzake nyuma yake na kuni na maji, wakalia kilio cha kweli, wakajitupa chini mbele ya sanduku, na kamera ikiendelea. Yaya alipotambua sauti zao hakuweza kuvumilia, aliketi ndani ya sanduku. Mnajua kilichofuata. Mzee mmoja aliruka uzio akaacha kiatu. Yaya alitoka na shuka lake, akamfuata Mama Marie-Jeanne aliyekuwa akikimbia, akimwita, "Mama, usikimbie, iko mie, niko muzima," na Mama Marie-Jeanne aligeuka akampiga kofi, kisha akamkumbatia, wakalia wote wawili, wakaanza kucheka.

Halafu kukatokea swali la maharagi. Chakula kilicholetwa kwenye kilio hakirudi kwa mwenyewe, hilo tunalijua wote, na kina mama walikataa kabisa kuyabeba tena. Kwa hiyo yalipikwa, na kikundi na majirani walikula pamoja, na Yaya alikula nao akiwa bado na unga mweupe usoni. Jioni habari ilimfikia Baba mkubwa. Alisema kwamba watu wamekula kilio cha mtu aliye hai, kwamba Éphraïm amemlaza binti aliyemlea yeye katika sanduku kwa ajili ya picha, na kwamba sanduku lililofunguliwa namna hiyo litarudi kumtafuta mtu wake. Tangu siku ile hakumsalimia Éphraïm tena.

Ambalo Baba mkubwa hakulijua, wala ninyi hamkulijua, ni hili, na mimi nalijua kwa sababu nilikuwa nimeketi pale na karatasi za mchezo mkononi, mwezi wa tano, katika nyumba ya Yaya na Bertrand huko Malepe. Éphraïm hakumwandikia Yaya kifo. Hadithi yake ilikuwa ya kijana aliyechukuliwa kwenye shamba la kakao, mwili usionekane, na familia inamfanyia kilio na sanduku tupu ili moyo wao utulie. Nilipofika mahali hapo Yaya aliacha kufua. Alikausha mikono, akamwita Éphraïm, akamwambia maneno haya, "Ile ya Jacob hapana. Baba mukubwa angali anamuwekea sahani. Mutu mwenye bangali banamungojea, hapana kumuweka mu sanduku. Muniweke mie." Éphraïm alikataa. Alimbembeleza hadi mchana, akasema ni afadhali kuiacha filamu yote kuliko kumlaza yeye. Yaya akajibu kwamba kama kuna filamu ya kilio katika nchi hii na hakuna anayelia ndani yake, watu watalia wapi. Kisha alituapisha, Éphraïm na mimi, tusimwambie Baba mkubwa kamwe, ili asijue kwamba kuna mtu aliyefikiri, hata katika karatasi, kwamba Jacob amekufa.

Kwa hiyo hadithi ilibadilishwa, marehemu wa filamu akawa mwalimu mwanamke, na Yaya alilala mahali ambapo Jacob angelazwa.

Filamu hiyo ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia mwezi wa kumi na mbili 2023, na tarehe 24 mwezi wa nane 2024, huko Kinshasa, ilimpa Yaya zawadi yake ya pili, ya mchezaji bora mwanamke wa filamu. Alipoitwa jukwaani alisema kwamba zawadi ni ya kina mama wanaokuja mbio na beseni la maharagi kabla ya kuuliza kama habari ni ya kweli. Watu wa Kinshasa walipiga makofi, ingawa sidhani walielewa.

Kuhusu ugonjwa, hakuna mengi ya kusoma, na ni hapo tunapochanganyikiwa. Mwezi wa pili mwaka huu walimpima wakamkuta na tansiyo, shinikizo la damu, akapewa dawa, akazinywa bila kusahau, akapunguza chumvi. Jumapili tarehe 9 alinipigia simu kuniuliza kama mtoto wangu ameanza kutambaa, akaniambia niandae mkeka, kwamba mwisho wa wiki atakuja. Jumanne tarehe 11 mwezi wa kumi na moja aliwaandaa watoto, wakaenda shule, mwalimu Bertrand akaenda kazini, naye akaketi mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Saa nne na nusu alisema kichwa kinamuuma kama kimepigwa jiwe, akainama juu ya ungo, hakuinuka tena. Mke wa askari mmoja wa Mbandaka, mpangaji wa jirani, alimbeba peke yake hadi barabarani, akapanda nyuma yake kwenye pikipiki, akajifunga naye kwa kitenge kimoja ili asianguke, miguu wazi, na motari, mwenye pikipiki ile, aliwakimbiza hadi hospitali akasubiri hadi mwisho. Madaktari walifanya yote. Walimweleza Bertrand kwamba mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya kichwa, na kwamba hata angekuwa amelala tayari kwenye kitanda chao wasingeweza kuuziba. Alifariki saa sita kasoro dakika ishirini, akiwa na miaka thelathini na tisa na miezi minane.

Bertrand alinipigia. Nilitoka nje nikalia, na hakuna aliyekuja. Nalisema hili bila lawama, kina mama, msiinamishe vichwa. Nilimkuta Mama Marie-Jeanne kwake akipepeta, nikamwambia Jeannine amefariki, akacheka, akasema, "Ah, Jokébed, mumeanza sehemu ya pili? Leo maharagi hapana." Aliniangalia muda mrefu, kisha ungo ukamwanguka. Hata hivyo wengine hawakuamini hadi jioni, tangazo liliposomwa kwenye redio, na wengine hadi Jumatano, gari lilipomleta kutoka Beni. Mama yetu hadi sasa anamwangalia na kungoja. Jana aliniuliza polepole kama nina hakika. Mama, nina hakika. Ningetaka sana nisiwe nayo.

Na tangu Jumatano Éphraïm alitukanwa pale nje. Aliitwa mchawi wa kamera, aliitwa muuza maiti, kijana mmoja wa kwetu alimwagia maji machafu, na yeye alikuwa na maneno ya kumwokoa, na hakuyasema. Mimi nami nilinyamaza, kwa sababu ya kiapo. Lakini leo alfajiri nilipoona anasimama bado na nguo zilezile, niliona kwamba kiapo cha kumlinda mtu mmoja hakiwezi kuendelea kumuua mwingine, na niliandika, nikawasomea wazee.

Nilipomaliza, Baba mkubwa aliniomba nisome tena ile sehemu ya mwezi wa tano. Nikasoma. Akatoka peke yake hadi kwenye uzio, na baadhi yenu mliwaona wamesimama, hamkujua wanasema nini. Alimuuliza Éphraïm kama ni kweli, na kwa nini alikubali kutukanwa siku tatu. Éphraïm alijibu, "Yaya alinikataza kusema. Ningevunja neno yake namna gani, na angali analala pale ndani?" Baba mkubwa alirudi, akaketi kati ya wazee. Wazee wengine walitaka Éphraïm aingizwe mara moja kwa mlango wa jikoni, apumzike. Baba mkubwa alikataa. Alisema kwamba mtu aliyetukanwa mbele ya watu hasafishwi jikoni kimya kimya, historia isomwe kwanza, watu wasikie, kisha aingie kwa mlango mkubwa, macho yote yakimwona.

Marehemu anaacha mama mmoja, mume mmoja, watoto watatu, wadogo watano, Baba mkubwa mmoja aliyemlea, na ndugu yake Jacob, ambaye tunamngoja. Jina hili la mwisho Baba mkubwa mwenyewe aliomba liandikwe hapa, pamoja na wale wanaoachwa, na limeandikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Beni, ambao hawakumwacha hata baada ya kujua, na muuguzi mmoja aliyemsuka nywele vizuri kabla Élodie hajaingia kumwona mama yake. Inamshukuru mama yule wa Mbandaka, na motari, ambaye hadi sasa hatujapata jina lake. Inawashukuru walimu wanaofundisha na Bertrand, parokia, wasikilizaji na watazamaji wote, na muuza makala wa Malepe, aliyefika jana kwa miguu yake na gunia la kupikia. Inawashukuru majirani wa Furu, ambao mlikuja mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja, na mara zote mbili mlikuja kwa kweli.

Na inawashukuru wenzake wa kazi. Maneno haya nilikuwa nimeyafuta Jumatano kama nilivyoagizwa, na leo asubuhi Baba mkubwa alichukua kalamu akayarudisha kwa mkono wake, akaongeza haya: familia ya Maliro inawaomba msamaha wachezaji wote wa kikundi, na kwanza Éphraïm.

Éphraïm, fungua mlango uingie, wewe na wenzako. Watu wapishe njia. Baba mkubwa Josaphat anasimama sasa, anakuja kukupokea. Mtashika sanduku upande wa kichwa, yeye kulia, wewe kushoto, hadi makaburini Kitatumba.

Yaya Jeannine, wenzako wameingia. Lala sasa katika amani ya Bwana.